Pimbi na Kiti Kisichojaa

Hapo zamani za kale, kabla ya bibi yake bibi yangu, na kabla ya hizo simu mnazonyang'anyana hapo nyuma (wewe mwenye kofia, nakuona, hebu itie mfukoni), wanyama wa Bonde la Mtunda walikuwa na uzi.

Uzi wenyewe aliutandaza Bi Tandabui, buibui mwembamba asiyejua kukaa bure. Alianzia kule kinamasini, akapanda nao mpaka majabalini, akaupitisha kila nyumba, na kila nyumba ikafunga kibuyu kikavu mwisho wake. Ukisema kwenye kibuyu chako, twiii, sauti inakimbia uzini na kutokea kwenye kibuyu cha mwenzako, hata awe ng'ambo ya bonde. Nyuzi zote zilikutana katikati ya kiwanja, zikafungwa fundo moja.

Bonde likachangamka! Mama Kanga akawa anauliza mtama umeiva wapi kabla hajachosha miguu. Kobe, ambaye alikuwa mganga, akawa anawatibu watu matumbo bila kutoka mlangoni kwake, na kwa mwendo wa Kobe mnaelewa wenyewe wagonjwa walivyofurahi.

Lakini aliyeupenda uzi kuliko wote alikuwa Mize.

Mize alikuwa pimbi. Mnamjua pimbi? Kadogo, kanene, kana masikio ya kuokota, mkia hana hata wa kuazima. Alikaa kwenye ufa wa jabali pamoja na wanawe, na mwenye kiherehere kuliko wote kati yao aliitwa Kidawa. Juu kabisa, kileleni, alikaa mama yake Mize, Bibi Mwamvua. Magoti yalikuwa yamechoka lakini macho yalikuwa mazima. Kazi yake ilikuwa kuangalia angani.

Akimwona Tai anakuja, basi anashika kibuyu: "Tai! Tai! Tai!"

Huku chini Mize anapiga makofi: "Ndani! Ndani! Ndani!" Na watoto pruuu, wote ufani. Tai anafika, anakuta jabali tupu, anaondoka amenuna.

Ndivyo pimbi walivyoishi, na waliishi vizuri.

Sasa, wakubwa nao wakauona uzi. Siku moja Ndovu, Kiboko na Kifaru walisimama pale kiwanjani penye fundo. Wakalitazama. Wakakohoa.

"Jambo hili ni zito," alisema Ndovu.

"Zito kabisa," alisema Kiboko.

"Na jambo zito linataka watu wazito," alisema Kifaru, huku akiutazama mti, maana macho yake yalikuwa na ukungu na alidhani mti ule ndio Ndovu.

Basi wakaunda Baraza la Uzi. Wakachonga viti vya magogo, kila mtu kwa kipimo chake, kisha wakatangaza kwenye vibuyu vyote: "Enyi wanyama! Baraza hili ni la wote! Mkubwa kwa mdogo, yeyote anakaribishwa kusema, mradi akae kitini na kiti kijae!"

Mmeyasikia yale maneno ya mwisho? Wadogo hawakuyasikia. Walikuwa wameshaanza kupiga vigelegele.

Na baraza lile lilikuwa na desturi zake. Mtu akikaa, Kifaru anapita na pembe yake, anapapasa kando ya kiti pande zote, anatafuta pengo. Akilikosa, anapiga mguu chini: "Kiti kimejaa?" Nao wenzake wanajibu: "Pomoni!" Hapo mjumbe mpya anapewa ombi moja, wakiliita kifungua kiti, na kifungua kiti hakikataliwi hata mbingu ianguke.

Kiboko alipofungua kiti chake aliomba kidimbwi chote cha matope kiwe chake. Kifaru aliomba mtu yeyote asimcheke macho yake. Ndovu, mwenyekiti, aliomba usingizi.

"Mchana nikilala," alisema, "hicho kibuyu kinanipigia kelele. Tai! Tai! Kila siku Tai! Mimi na umri huu sijawahi kumwona Tai akimbeba ndovu."

"Wala kiboko," alisema Kiboko. "Ni uvumi huo."

"Uchochezi," alisema Kifaru, ambaye Tai akitua puani pake asingemwona.

Tangu siku hiyo, jua likifika utosini Ndovu anakuja pale kiwanjani, anaweka mguu wake juu ya fundo, ti! Anafumba macho na kusinzia. Na uzi ukikanyagwa hausemi. Bonde zima kimya, vibuyu vyote vimekufa, mpaka Ndovu aamke na kupiga miayo.

Na Tai hakuwa mjinga. Alijua saa ya Ndovu kulala kama nyinyi mnavyojua saa ya chakula.

Mchana mmoja Kidawa alikuwa nje, amejilaza juani juu ya jiwe, anajipasha tumbo joto. Mize alikuwa anachuma majani kando. Kibuyu kimya. Mara akasikia hewani, vuuuu!

"Kidawa!"

Mtoto aliruka, akateleza, akaingia ufani kichwa mbele. Kucha za Tai zilimpata mgongoni, zikaondoka na manyoya na kipande cha ngozi. Kama angekuwa na mkia angevutwa nao, basi safari hii kukosa mkia kulimsaidia.

Jioni Bibi Mwamvua alisema kwenye kibuyu, sauti imempasuka: "Mwanangu, nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Mlikuwa wapi?"

"Tulikuwepo, mama," Mize alisema. "Hatukusikia."

Aliutazama mgongo wa mwanawe, hasira ikampanda mpaka masikio yakasimama. Asubuhi akashuka kwenda barazani.

"Hodi!"

"Nani huyo?" aliuliza Kifaru, akiugeukia mti.

"Mimi Mize, pimbi wa majabalini. Nimekuja kusema."

"Karibu sana, bibi!" alisema Kiboko, meno yote nje. "Baraza ni la wote. Kaa kitini."

Walimwonyesha kiti cha wageni. Gogo lenyewe lilikuwa refu kuliko nyumba ya kuku. Wakubwa wakakonyezana, maana walijua hataweza kupanda. Lakini hawakuwajua pimbi! Mize alipaa, paka paka paka, akafika juu, akajikunyata katikati.

"Nimekaa," alisema.

Kifaru akapitisha pembe kushoto, hamna kitu. Akapitisha kulia, hamna kitu. "Mbona hajapanda?"

"Nipo hapa!"

"Wapi?"

"Hapa katikati!"

Kifaru alipiga mguu. "Kiti kimejaa?"

"Baaado!" walijibu wenzake, wakaangua kicheko mpaka kinamasi kikatikisika.

"Sheria ni sheria, bibi," alisema Kiboko akijifuta machozi. "Nenda ukale. Ukinenepa urudi."

"Mwanangu nusura aliwe!" Mize alisema kwa ukali. "Mnapoukanyaga uzi mchana, mama yangu anapiga kelele hakuna anayemsikia. Haki ya kusema nimezaliwa nayo kama nyinyi, sikuja hapa kuiazima!"

"Maneno mazuri," alisema Ndovu, na wala hakuwa mbaya, alikuwa na usingizi tu. "Ungeyasema kwenye kiti kilichojaa tungeyasikia."

Mize alishuka, akaondoka analia. Ndiyo, alilia. Mtu mdogo akichekwa na watu wakubwa watatu kwa mpigo, na mgongo wa mwanawe una kidonda, analia.

Njiani alimkuta Bi Tandabui anaunga uzi uliokatwa na kwato.

"Hata wewe huna kiti?" Mize alimuuliza. "Wewe uliyeutandaza?"

"Nilikwenda, shoga yangu," alisema Bi Tandabui. "Nikapanda, nikakaa, nikasema yote niliyokuwa nayo. Mpaka leo hawajui kama nilifika."

Mize alitaka kucheka, akashindwa, halafu akacheka. Akasimama pale pale njiani, mguu mmoja juu.

"Bi Tandabui, hivi wale wanapima nini?"

"Makalio."

"Akili hawapimi?"

"Hawana kipimo chake."

"Basi," alisema Mize, na machozi yakamkauka, "tuwapelekee makalio."

Jioni ile nyumba ya Mize haikuwa na pa kukanyaga. Alikuja Bi Tandabui. Alikuja Kobe. Alikuja Mama Kanga na dada zake na mashangazi. Alikuja Nungunungu, akaombwa akae mbali kidogo. Panya alikuja na ukoo wake wote, na walipoulizwa wako wangapi alisema anahitaji muda. Mize aliwaeleza. Wengine waliogopa, Mama Kanga akasema atakanyagwa, na shangazi yake akasema heri kukanyagwa kuliko kunyamazishwa. Wakabishana weeee, mwishowe wakakubaliana.

"Ila sharti moja," alisema Mize. "Tusiseme uongo hata kidogo. Wakitugundua, nataka niwatazame machoni."

Asubuhi, wakubwa walikuwa barazani wanatafuna, mara vibuyu vyote vikatetemeka. Sauti nzito, pana, ya kutisha, ikatoka:

"MIMI NI DUBWANA! NINAKUJA BARAZANI!"

Majani yalimtoka Ndovu mdomoni. Yeye angejuaje kuwa ni pimbi na panya na kanga wote kwa pamoja, wamejazana ndani ya ufa wa mwamba, wanasema neno kwa neno na mwamba unavuma?

"We-wewe ni nani hasa?" aliuliza Ndovu.

"NINA MACHO MENGI, MENGINE YANALALA MENGINE YANAKESHA!"

"Mama yangu!"

"NINA MANYOYA, NINA MIIBA, NINA GAMBA!"

"Vyote?" alinong'ona Kiboko.

"ASUBUHI NIKIAMKA NINARUKA, NINATAMBAA, NINACHIMBA, KWA WAKATI MMOJA! NINA MOYO ZAIDI YA MMOJA!"

"Na... na unakula nini, mheshimiwa?" aliuliza Ndovu kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani.

Kule ufani walitazamana. Hilo hawakuwa wamelipanga. Panya mmoja akasema "mabaki", akazibwa mdomo.

"KILA KITU!" walisema wote.

Na ilikuwa kweli! Kila mmoja na chakula chake.

"NICHONGEENI KITI!" ikaendelea sauti. "KIPANA KULIKO CHA NDOVU, CHA KIBOKO NA CHA KIFARU VIKIUNGWA PAMOJA! NA DESTURI ZENU NITAZIKUTA AU SITAZIKUTA?"

"Utazikuta, mheshimiwa!" alisema Ndovu haraka. "Kiti kikijaa, kifungua kiti unapewa, hakikataliwi! Naapa kwa pembe zangu!"

Kibuyu kikanyamaza. Kiboko akavuta pumzi, akajiweka sawa.

"Mimi namfahamu huyo," alisema. "Tulikuwa majirani zamani. Mtu mwema sana."

Muongo mkubwa yule. Lakini akachonga kiti kwa bidii kuliko wote, akawa anawaambia wenzake Dubwana anapenda kona ziwe laini, yeye anajua.

Siku ikafika. Kabla ya kuondoka Mize aliwaambia wanawe: "Leo mchana mtu asitoke ufani. Mmenisikia? Kidawa, nimesema nini?"

"Mtu asitoke ufani," alisema Kidawa, akitazama jua nje.

Jua lilikuwa linakaribia utosini Dubwana alipotokea. Lo! Lilikuwa rundo la majani makavu ya mgomba, kubwa kama kichuguu kikuu, linatembea lenyewe, kwacha kwacha kwacha. Upande mmoja lilikwenda upesi, upande mwingine likajikokota, maana huko alikuwako Kobe. Likapinda, likanyooka, likapanda kitini kwa vipande vipande, huku likihema na kusema ndani kwa ndani, "Usinisukume," na, "Toa mkia wako."

"Anazungumza na mioyo yake," Kiboko aliwaeleza wenzake.

Ndovu alikuwa ameshasimama penye fundo. Mguu ulikuwa juu ya uzi, kwa mazoea tu, ila usingizi siku hiyo haukumjia.

Kifaru akasogea na pembe, anatetemeka. Akapapasa kushoto. "Manyoya ya ndege," alisema. Akapapasa mbele. "Gamba!" Akapapasa kulia. "Aaa! Miiba! Ni kweli ana miiba!" Akapapasa nyuma, na hapo alikuwa mmoja wa wale panya wadogo ambaye ukimgusa ubavu hawezi kujizuia, kwi kwi kwi kwi! Kifaru akaruka nyuma. "Na mgongoni anacheka!"

"Pengo lipo?" aliuliza Ndovu.

"Pengo? Hata unywele haupiti!" Kifaru akapiga mguu, tii! "Kiti kimejaa?"

"Pomoniii!"

"Basi, mheshimiwa Dubwana," alisema Ndovu akiinamisha kichwa, "wewe sasa ni mjumbe wa Baraza la Uzi. Sema kifungua kiti chako."

Mize alikuwa juu kabisa ya rundo. Maneno walikuwa wameyapanga vizuri, Kobe ndiye aliyeyatunga, marefu na yenye heshima. Wangeomba wasifukuzwe kwenye kiti kile, wao na watoto wao, milele. Mize akafungua mdomo, akachungulia kwenye tundu la majani, akatazama kule nyumbani majabalini.

Juu ya jiwe, nje, peupe, palikuwa na kitu kidogo cha kahawia kimejilaza tumbo juu.

Na angani, juu yake, palikuwa na doa jeusi linazunguka.

Kule ni mbali, hata apige ukunga hausikiki. Watoto ni watoto, jua lilikuwa zuri, na kibuyu kilikuwa kimya, kwa hiyo Kidawa alidhani hakuna hatari.

"Mguu!" Mize alilia, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba. "Bwana Ndovu, inua mguu!"

"Mize!" alinong'ona Kobe chini yake. "Ombi letu!"

"Mwanangu yuko nje!" Mize alisukuma majani kwa mikono yote, yakamwagika, fwaaa! Wakaonekana wote juani, kanga, panya, kobe, nungunungu, wamebanana kitini kama mihogo guniani.

Wakubwa wakaachama.

"Kumbe ni pimbi!" alinguruma Kiboko. "Ni hawa hawa vidudu! Wametudanganya! Nawalalia wote sasa hivi!"

"Hatukusema uongo!" alisema Mize. "Manyoya tunayo, miiba tunayo, gamba tunalo! Bwana Kifaru! Kiti kimejaa au hakijajaa?"

Kifaru akakunja uso. Alikuwa na makosa yake, lakini kazi yake aliiheshimu. "Nimepapasa kwa pembe yangu mwenyewe," alisema. "Kimejaa pomoni."

"Lakini si mmoja!" alipiga kelele Kiboko.

"Sheria inasema kiti kijae," alisema Kifaru. "Haikusema kijazwe na mmoja."

Doa jeusi lilikuwa limekunja mabawa. Lilikuwa linashuka.

"Bwana Ndovu," alisema Mize, na hakupiga kelele tena, alikuwa analia. "Umeapa kwa pembe zako. Ombi letu ndilo hilo tu, hatuna lingine. Inua mguu, nakuomba, baba."

Ndovu alimtazama. Akautazama mguu wake, kana kwamba anauona kwa mara ya kwanza. Kisha akauinua.

Na vibuyu vyote vya bonde vikalipuka kwa sauti moja ya bibi kizee:

"TAI! TAI! KIDAWA! INGIA NDANI, MJUKUU WANGU! JAMANI, MBONA HAMNISIKII! KILA SIKU NALIA HAPA PEKE YANGU! TAAAI!"

Kule juu ya jiwe, kile kitu cha kahawia kikaruka kama kimeumwa na siafu. Vuuuu! Tai akapita. Vumbi likatimka. Mize hakuona kitu, ni vumbi tu, vumbi tu, akabana pumzi na kiti kizima kikabana pumzi pamoja naye, na wallahi hata Kiboko alinyamaza.

Kibuyu kikalia. Twiii. "Mama?"

"Kidawa!"

"Mama, sikutoka nje. Nilitoka kidogo tu."

Mize akacheka na kulia kwa pamoja. "Ngoja nirudi! Utakiona kilichomnyoa kanga manyoya!"

"Samahani?" alisema Mama Kanga.

Na Ndovu? Ndovu alikuwa bado amesimama mguu mmoja hewani, hajui auweke wapi.

"Yule bibi," alisema polepole, "amekuwa akilia hivyo kila mchana?"

"Kila mchana," alisema Mize.

"Chini ya mguu wangu."

"Chini ya mguu wako, Bwana Ndovu."

Masikio ya Ndovu yalilala kwa aibu. "Mimi nilijua ni kelele tu," alisema. "Mimi Tai hanili, nilidhani basi hamli mtu." Mguu ulianza kumtetemeka kwa uchovu.

"Uweke pembeni," alisema Bi Tandabui kwa upole kutoka kwenye ncha ya kiti, na hiyo ndiyo mara ya kwanza barazani walipomsikia. "Pale kwenye nyasi. Fundo liache lipumue."

Akauweka pembeni. Na hajaurudisha.

Kiboko hakuridhika. Si mnamjua! "Haya, ombi lao wamelitumia," alisema. "Wamekwisha. Sasa washuke, hicho kiti kikubwa ni chetu, nitakikalia mimi." Wadogo wakatazamana kwa hofu, lakini Mize aliwakonyeza, wakashuka taratibu. Kiboko akapanda, akajibwaga, bu! Akajitanua huku, akajitanua kule. Kifaru akapita na pembe.

"Pengo," alisema. "Pengo hapa. Na hapa. Hapa wanaweza kukaa wengine kumi. Kiti kimejaa?"

Safari hii walijibu kanga na panya na nungunungu, wote: "Baaado!"

Akajaribu Ndovu naye, kwa haki tu. Bado. Wadogo walikuwa wametaja kipimo kile wenyewe, mnakumbuka? Kipana kuliko vya wote watatu vikiungwa. Katika bonde zima hapakuwa na mnyama mkubwa wa kukijaza, na hatazaliwa. Kikabaki cha wadogo, kwa sheria ile ile ya wakubwa, na Kiboko akashuka akiwaambia watu kwamba tangu mwanzo yeye alisema kina kona laini mno.

Tangu hapo kila baraza likikaa, Kifaru hupapasa kile kiti kwanza. Siku panya mmoja akichelewa, au Mama Kanga akibaki nyumbani kwa mafua, Kifaru anasimama, anakunja uso: "Hapa pana pengo. Nani hayupo?" Na baraza zima, na Ndovu na usingizi wake, linakaa linangoja mpaka aitwe.

Mnaotunga sheria ya kitu cha wote, waiteni wote, na kwanza kabisa muiteni yule mnayemwona mdogo, maana yeye ndiye anayemjua Tai.

Hadithi yangu imeketi hapo. Anayetaka kubisha na apande akae nami, nafasi ipo, na wewe mwenye kofia sasa unaweza kuitoa hiyo simu: mpigie bibi yako.